Kilo Mia Nne za Mzee Alby

Kazi yangu ni mizani. Malori ya ngano yakitoka mashambani hupanda juu ya bamba langu la chuma pale maghalani, mjini Kadina, nami kibandani husoma namba, nikaandika, nikawapungia mkono waende. Nimeifanya miaka kumi na tisa. Wakati wa mavuno sipati hata nafasi ya kumalizia kikombe cha chai. Mwezi wa sita, ngano ikiwa bado majani, hukaa nikafuma soksi. Kwa hiyo jirani yangu Neville Trewin aliponiomba nimpimie karavani yake Jumamosi moja, nilikubali kabla hajamaliza kuomba.

Neville ni naibu mkuu wa shule, na kipaji chake ni kupanga ratiba ya vipindi. Maishani mwake alikuwa hajakokota kitu kirefu kuliko tela la kupelekea majani makavu jalalani. Karavani aliinunua mwezi wa pili, nyumba nzima juu ya magurudumu, ina vitanda, jiko na choo, na tangu siku hiyo sebule yao ikageuka ofisi. Ramani ilichukua ukuta mzima. Njia ya kutoka kwetu hadi mji wa Esperance, jimbo la jirani, kilomita elfu mbili na ushee kupitia nyika ya Nullarbor, aliikata vipande vya nusu saa, kila kipande na rangi yake. Kwenda haja kulipewa kijani.

"Baba," binti yake mkubwa, Imogen, alimwuliza mbele yangu, "mtu akibanwa kwenye rangi ya njano?"

"Avumilie. Ndiyo maana ya kuwa na mpango."

Hata hivyo Neville hakuwa mjinga. Alijua kwamba ratiba na barabara ni vitu viwili, na kwamba alihitaji ushauri wa mtu aliyepita. Bahati nzuri mtu huyo alikuwa analala chumba cha nyuma cha nyumba yake mwenyewe: mkwewe, mzee Alby Hocking.

Hapa mjini hakuna asiyejua kwamba mzee Alby alivuka Nullarbor mwaka 1974, akiwa na mke mpya na karavani ya mbao aliyoiunda kwa mikono yake, enzi ambazo upande wetu wa mpaka wa jimbo barabara ilikuwa vumbi tupu. Tumeisikia kila Krismasi. Springi ilivyokatika. Matairi manne yalivyopasuka siku moja. Walivyozama mchangani. Na kile kisa kikubwa, cha siku tatu bila kuona gari hata moja, wakanywa maji ya rejeta. Hapo marehemu Thelma, mkewe, alikuwa akinyanyua glasi yake na kusema, "Yalikuwa na ladha ya kutu," watu wakacheka. Isitoshe, ushahidi ulikuwa unatembea: binti yao aliyezaliwa mwaka uliofuata aliitwa Glenys Eucla, kwa sababu Eucla ni kijiji kilicho ng'ambo tu ya mpaka, na huko, mzee alikuwa akisema huku akikonyeza jicho, ndiko alikopatikana. Glenys ndiye mke wa Neville. Shuleni walimtania kwa jina hilo mpaka akazoea, baadaye akalipenda.

Basi Neville akakaa na mkwewe jioni baada ya jioni, daftari mkononi.

"Springi za akiba mbili," mzee alisema. "Si moja. Moja itakatika, ya pili itakatika kwa wivu."

"Mbili," Neville akaandika.

"Mbao nene nne za kuwekea chini ya magurudumu. Minyororo. Matairi mawili zaidi ya lile la akiba. Vyakula vya makopo vya wiki mbili. Na maji, mwanangu! Madumu matano ya lita ishirini ishirini, mbali na tangi."

"Baba, siku hizi kuna vituo vya mafuta njia nzima," Glenys alisema kutoka jikoni. "Wanauza mpaka kahawa."

"Kahawa! Hiyo kahawa itakuvuta ukizama?"

"Na gunia la vitunguu," mzee akaendelea. "Kitunguu hakiozi."

Hapo Neville alisita kidogo, kwa maana alikuwa amesoma kila karatasi ya serikali. "Vitunguu vinazuiwa mpakani, mzee. Na matunda, na asali. Wanakagua kila gari, wanatupa."

"Mimi hakuna aliyenigusa hata kitunguu kimoja," mzee Alby alijibu, na katika yote aliyosema jioni zile, hilo peke yake lilikuwa kweli tupu.

Jumamosi ikafika. Gari likaingia uwanjani kwangu taratibu kama arusi, karavani nyuma imeinama mkia. Neville alikuwa ameniletea karatasi: uzito unaoruhusiwa wa karavani, kilo elfu mbili na mia tano. Nikamwambia aiweke karavani peke yake juu ya bamba, aifungue kutoka kwenye gari. Nikasoma. Nikafuta miwani, nikasoma tena.

"Elfu mbili na mia tisa," nikasema.

"Haiwezekani. Nimepiga hesabu."

"Umepiga hesabu ya nini?"

"Ya karavani." Akaitazama karatasi yake. "Ikiwa tupu."

Nikamweleza kwamba akiondoka na kilo mia nne za ziada, upepo wa lori moja kubwa utaichezesha ile karavani kama mkia wa mbwa mpaka igeuke, na bima haitajibu hata salamu. Neville akageuka mweupe. Kisha akafanya wanachofanya wakuu wote wa kaya: akaanza kupunguza vya wengine. Cherehani ya Glenys ikashuka, na chungu chake cha chuma. Spika ya gitaa ya Imogen ikashuka. Baiskeli ya Bridie, yule mdogo wa miaka tisa, ikashuka na Bridie akilia nayo. Tukapima.

"Elfu mbili mia nane na sitini."

"Sasa zimebaki mbao, springi, matairi, makopo na maji," Glenys alisema, mikono kiunoni. "Vyote vya baba."

"Hivyo haviguswi," Neville akasema. "Baba yako amepita. Mimi na wewe tumepita wapi? Tumeishia Port Augusta tu."

Wote tukamtazama mzee Alby. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kibanda changu, kofia magotini. Nilidhani angefurahi kutetewa namna ile na mkwe. Badala yake alikuwa anaitazama ile skrini yenye namba nyekundu kama mtu anayesomewa hukumu.

"Hizo mbao," akasema, "mnaweza kutoa."

"Lakini mlizama mchangani, mzee."

"Hatukuzama sana. Ilikuwa… kama tope hivi. Nje ya kambi."

Mbao zikashuka pamoja na minyororo. Elfu mbili mia saba na themanini. Neville alikuwa anafuta kwenye daftari kwa rula.

"Springi nazo," mzee akasema.

"Yako ilikatika!"

"Ya jamaa mmoja. Tulikutana naye. Alisimulia vizuri sana."

Imogen aliziba mdomo kwa mkono wa sweta. Springi zikashuka: elfu mbili mia saba na ishirini. Matairi manne yaliyopasuka siku moja nayo yakapungua yakawa moja, halafu hilo moja likawa limetoboka tu, na lilitoboka kabla hawajatoka Kadina. Tukashusha matairi mawili. Makopo ya wiki mbili? Mzee akakohoa, akasema kwa kweli walikula samaki kwa wingi.

"Samaki?" Glenys akauliza. "Nyikani?"

Makopo yakashuka.

Nimepima mizigo mingi, lakini sijawahi kuona uongo ukishushwa kilo kwa kilo namna ile. Skrini ilisema elfu mbili na mia sita. Zilibaki kilo mia moja, na kila mtu aliona zilipo: madumu matano ya maji, yamepangwa mlangoni kama askari.

"Hayo hapana," Neville akasema. Alikuwa ameanza kutoa jasho, na ilikuwa baridi. "Nitaacha vitanda. Nitaacha choo. Maji hapana. Nina watoto wawili, mzee. Mlikaa siku tatu bila kuona gari. Mlikunywa rejeta!"

Mzee Alby akainuka. Ilimchukua muda kuinuka. Akaenda mpaka kwenye karavani, akashika dumu la kwanza kana kwamba atalishusha mwenyewe, akashindwa, akabaki ameliegemea.

"Hatukuvuka," akasema.

Akarudia, safari hii akimtazama binti yake.

"Tuliishia Ceduna, mji wa pwani kabla ya nyika kuanza. Asubuhi nikaenda peke yangu kuiangalia barabara inapoendelea. Nyeupe, imenyooka, haina mtu, vumbi limesimama hewani wala hakuna gari lililopita. Nikaogopa, Glenys. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimejenga karavani kwa mikono yangu, nikaogopa barabara. Nikarudi nikamwambia mama yako injini inagonga. Akaja akasikiliza. Injini haikuwa na kitu. Akasema, 'Kweli, inagonga.' Tukakaa pale siku kumi na moja tukivua samaki, tukarudi nyumbani. Watu wakauliza, kukoje huko? Nikafungua mdomo nimwambie mtu wa kwanza ukweli, na mama yako akaniwahi. Akasema, 'Kuna vumbi.'"

"Kwa hiyo rejeta…" Neville alisema.

"Rejeta aliitunga Thelma. Mimi nilichangia springi tu."

Nilijua nilipaswa kuingia ndani na kuwaacha, lakini miguu ilikataa. Nilikuwa natazama uso wa Glenys. Ulipitiwa na hasira, nikaiona ikipita, halafu kitu kingine.

"Subiri," akasema. "Kama hamkufika Eucla, mimi nilipatikana wapi?"

Mzee akaivaa kofia yake, akaivua. "Ceduna. Kambi namba saba. Karibu na vyoo."

Imogen ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya bamba la mizani. Glenys alijaribu kukaza uso. "Miaka arobaini na minne," akasema, "nimebeba jina la mahali ambapo wazazi wangu hawakufika. Ningeweza kuwa Glenys Vyooni." Kisha naye akashindwa, akamshika baba yake begani, wakacheka wote wawili, na mzee alikuwa analia pia, ila kwa mtu wa umri ule ni vigumu kutenganisha.

Asiyecheka alikuwa Neville. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Huyu alikuwa amepanga njia yake nzima juu ya hiyo hiyo. Alikaa kwenye ngazi na daftari lake, akageuza ukurasa mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu anayejua kitu," akasema.

"Ndiyo," mkewe akamjibu. "Sasa tuko sawa."

Wakashusha maji. Elfu mbili na mia tano kamili. Nikawaandikia cheti, nikagonga muhuri kama kwa mkulima yeyote. Glenys akaniomba nimpimie na baba yake. Mzee akauliza kwa nini.

"Kwa sababu unakaa kiti cha mbele," Glenys akasema. "Bridie atakaa katikati. Usinibishie, baba, leo huna haki ya kubisha."

Alibisha. Alisema mgongo, alisema dawa, alisema nani atamwagilia kabichi. Nikasema kabichi nitamwagilia mimi. Mizani yangu inahesabu kilo ishirini ishirini, ikamsoma mia moja, akasema imeharibika.

Waliondoka wiki mbili baadaye, shule zilipofungwa, dakika hamsini nje ya ratiba kwa sababu Neville alikuwa hajui kurudisha karavani nyuma, na ilibidi wanaume watatu wa mtaani waisukume itoke getini. Siku ya kwanza rangi zote zilivurugika kabla ya saa sita mchana. Glenys ananiambia siku ya pili Neville aliikunja ramani, akaikalia.

Siku ya nne simu yangu ililia. Alikuwa mzee Alby, na nyuma yake upepo ulikuwa unapiga kama turubai.

"Niko Eucla," akasema.

"Hongera, mzee. Kukoje?"

Nikasikia viatu vyake vikigeuka huku na huku kwenye changarawe.

"Hakuna kitu," akasema. "Barabara tu. Kuna mtu hapa ameninunulia soseji kwa chipsi. Bridie ametapika mara mbili. Mpakani wamechukua vitunguu vya Glenys, akagombana nao." Akavuta pumzi. "Thelma angeipenda. Yeye hakuogopa, unajua. Angeendelea. Mimi ndiye nilimrudisha."

Nikamwambia kabichi zinaendelea vizuri.

"Usizimwagie maji mengi," akasema. Nikasikia honi, na sauti ya Neville ikiita kwamba wamechelewa, na mzee akimjibu asubiri, bado anaangalia.