Mguu Uliokosa Mzigo

Wewe umewahi kubebwa kama yai, na miguu unayo? Basi Anatolia wa Kishanda alibebwa hivyo. Aliteleza kibanjani kwake, kwenye majani mabichi ya migomba aliyoyatandaza mwenyewe, akavunjika mguu. Mwanawe Philbert akaja kumchukua hadi kwake Hamugembe. Plasta ilipotolewa, daktari akasema mfupa umeunga, na hapo ndipo kubebwa kulipokolea.

Akitaka maji, kikombe kimeshafika. Akitaka kwenda uani, Philbert na mkewe Immakulata wanamshika kwapani huku na huku, nyayo zinagusa chini kwa mbali, kama mtu anayevushwa matope. Hata kumenya ndizi alikatazwa. Mkwe apike, mama akae, ndiyo heshima.

Anatolia alikuwa na neno moja moyoni, nalo ni Kishanda. Lakini angelitoaje, na watu wamempakia chumba rangi, wakamnunulia na blanketi la maua? Tena mguu wenyewe ulikuwa umesinyaa, haufanani na mwenzake. Angerudi nao wapi?

Siku ya kliniki, Nasma, binti wa mazoezi ya viungo, aliupapasa ule mguu, akauliza, "Bibi, huu unaukanyagia?"

"Muulize mwenyewe," Anatolia akasema, akimwonyesha Philbert.

Nasma akacheka, kisha akamgeukia Philbert. "Baba, mfupa si jiwe. Ndani mna chembe hai, ndogo mno, zimekaa kwenye vishimo vyenye majimaji. Bibi akikanyaga, mfupa unapinda kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Yale majimaji yanasogea, chembe zinahisi, zinapeana habari kwamba mzigo umekuja, paimarishwe. Asipokanyaga, habari haifiki, na mfupa usio na kazi hupunguzwa."

"Kumbe namharibia?"

"Unamsaidia kupita kiasi. Umembebea hadi mifupa."

Akamfundisha Anatolia kuegemea gongo na kutia uzito kidogo kidogo.

Nyumbani akaanzia sebuleni, toka kabatini hadi mlangoni. Philbert alimfuata nyuma amenyoosha mikono kama mtu anayeingiza kuku bandani.

"Waitu, mama, pole pole," akamsihi.

"Rudisha mikono hiyo. Unanifanya nitamani kukimbia."

Mlango ukazoeleka, akatoka hadi nyuma ya nyumba. Huko Philbert alikuwa na migomba michanga, na kila mmoja ameuwekea mti wa kuuegemeza. Anatolia aliitazama, akamtazama mwanawe.

"Hii ina mikungu wapi?"

"Bado, mama. Upepo wa ziwani unaiyumbisha."

"Iache iyumbe. Kwetu mti hupewa mgomba wenye mkungu. Mgomba mchanga ukisukwasukwa na upepo ndipo unakaza shina. Nao una chembe zake."

"Mama amekuwa daktari," Immakulata akasema kutoka jikoni.

"Na wewe niletee hizo ndizi nimenye. Mikono nayo ina mifupa."

Philbert aliing'oa ile miti mmoja mmoja. Jioni upepo ukavuma, migomba ikayumba, naye akawa anachungulia dirishani kila mara kama aliyeacha maziwa jikoni. Kulipokucha yote ilikuwa imesimama.

Majuma yakapita. Mguu ukaanza kujaa. Mara ya mwisho kliniki, Nasma alimpandisha ngazi na kumshusha bila gongo, akamwambia hana la kumfundisha tena.

Waliporudi, Immakulata akatandika lile blanketi vizuri. "Sasa mama utakaa nasi kwa raha," akasema.

Anatolia aliketi ukingoni mwa kitanda, akatazama nje dirishani. Philbert alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni, amejifunza. Akamgeukia mama yake.

"Mama, kuna kitu unakitaka, husemi."

Anatolia aliinuka. Akauweka mguu ule chini, akautia uzito wote, ukampokea.

"Nataka kurudi kwangu Kishanda," akasema. "Na hadi kwenye gari nitakwenda kwa miguu yangu."