Mama Mkwe Kwenye Gari la Turbo

Mwaka 1996 Khalidi, karani aliyeishi Makole, alinunua gari la mtumba la Kijapani lenye turbo, kile kifaa kinachoipa injini nguvu za ziada kwa kuchelewa kidogo. Siku ya kumrudisha mama mkwe wake, Bi Mwanahawa, kwao Kondoa, alijaza petroli ya supa.

"Ile ya kawaida inagongesha injini, mama," alieleza kwa majivuno.

Walipopita Msalato, barabara ya vumbi ikapinda. Khalidi alikanyaga mafuta katikati ya kona. Gari likazubaa. Akakanyaga zaidi. Ghafla turbo ikaamka, gari likazunguka na kusimama ndani ya shamba la mtama, likitazama lilikotoka.

Khalidi hakuthubutu kumtazama mkwewe. "Nisamehe, mama. Breki hushikwa kabla ya kona, mafuta hukanyagwa wakati wa kutoka."

Bi Mwanahawa alichomoa suke la mtama kwenye ushungi wake. "Kumbe unajua?"

"Najua, mama."

"Basi rudi, tuipite hiyo kona unavyojua. Na usiende polepole. Nimeshanogewa."

Safari hii gari lilipinda vizuri, na Bi Mwanahawa akapiga kigelegele. Kila kona iliyofuata alipiga kingine. Kondoa walifika mapema mno, wenyeji hawajachinja hata kuku.