Debe la Balbina

Wazo la debe lilikuwa la Balbina mwenyewe, na Mungu anajua alivyolipigania. Miaka miwili ng'ombe wa Mashimba walikuwa wakiingia mpungani kwake, na miaka miwili ilikuwa matusi tu, mpaka watu wakaanza kunoa mapanga. Mwezi wa nane, mashamba yakiwa makavu, akamketisha Mashimba pamoja na Fulgensi, shemeji yake mwenye hasira za karibu. Kwa kuwa kule mbugani simu hazishiki mtandao, wakakubaliana: ng'ombe wakisogelea mpunga, Balbina apige debe mara tatu. Mashimba akisikia, aje mbio. Fulgensi asiguse panga. Wakapeana mikono, na usiku ule Balbina akalala usingizi ambao hakuupata tangu amzike mumewe.

Jamani, hakuna hata mmoja aliyewakumbuka kwelea!

Mwezi wa tano mpunga ukaanza kukomaa, ndege wakashuka, na bonde zima likapanda madunguni kuwafukuza. Debe huku, debe kule, sufuria, makelele tangu alfajiri. Na Balbina huyo amekulia juu ya dungu, anaamia ndege tangu hajang'oa meno ya utoto! Alikuja kushtuka siku ng'ombe wanane walipovuka mfereji.

Akapiga debe mara tatu. Mashimba haonekani. Akapiga tena, akaita mpaka sauti ikakauka. Ng'ombe wanatafuna tu. Aliyetokea ni Fulgensi, panga mkononi.

"Shemeji, subiri, anakuja!"

"Anakuja lini? Mpunga ukiisha?"

Balbina akamng'ang'ania shati, likachanika. Panga likashuka kwenye mguu wa jike mmoja mwenye mimba.

Mashimba alifika baadaye, akifuata nyayo za mifugo yake. Siku zote humwamkia Balbina kabla ya neno lolote. Siku hiyo hakumwamkia. Alimtazama ng'ombe aliyelala kwenye matope, kisha akamtazama yeye.

"Mama, tulipeana mikono. Kupiga debe tu kumekushinda?"

"Nilipiga, baba. Haki ya Mungu nilipiga."

Akalipiga tena mara tatu, amwonyeshe, huku machozi yanamtoka. Ng'ambo ya mfereji wakapiga la kwao, na shamba la pili, na la tatu. Mashimba alikuwa ameshampa mgongo, anakwenda kambini kuwaita ndugu zake.