Kizimba cha Moza

Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, kompyuta ya soko letu hapa Kariakoo ilimfufua marehemu mke wangu, Moza. Kizimba chake cha viungo kilishahamishiwa kwenye jina langu mwaka jana, tulipomzika. Sasa wakubwa wa soko wamenunua seva mpya, kompyuta kuu ya kutunza orodha. Fundi wao kakiri mwenyewe: ile programu inayojiendesha kila siku kuingiza mabadiliko ya majina waliisahau kwenye seva ya zamani. Seva mpya ikabaki na orodha ya kale, jina la Moza likarudi.

“Mzee Shaibu, mwenye kizimba aje aweke kidole kabla ya Ijumaa,” karani Ritha akasema, “la sivyo tunampa mwingine.”

“Binti, nikamfukue?”

“Ndivyo mfumo unavyotaka, mzee wangu.”

Bosi wake, aliyekaa pembeni, hata hakuinua macho kwenye simu. Nikamuuliza: mliosahau ni nyinyi, mbona anayefukuzwa ni mimi?