Vidonge vya Kurudisha Harufu

Jumanne, tarehe nne Juni, asubuhi ilikuwa ya mawingu mazito bila mvua. Mpishi wa shule alikaa mbele ya daktari, dada yake ubavuni. Vidonge vya steroidi alivyoandikiwa kwa uvimbe sugu wa sinasi, yaani mianya ya ndani ya pua, vilimrudishia hisi ya harufu. Vilipokwisha ikapotea tena, naye akajinunulia vingine kimyakimya, mara tatu.

"Vidonge hivi vimekupandisha sukari," daktari alisema. "Tutavipunguza kidogo kidogo, kisha basi."

"Mwenzetu kavigeuza peremende!" dada akatania.

Mpishi hakucheka wala hakulia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Bila kusikia harufu, maharagwe yangeungua asijue, na kazi ingeota mbawa.

"Mbele ya Mungu na ninyi wawili," akasema, "sinunui tena. Na kesho nitamwambia mwalimu mkuu kwamba bila vidonge pua yangu haisikii kitu."