Kitambaa cha Mama Emerance

...na tena yale maneno mekundu, kosa la mtandao, jaribu tena baadaye, baadaye ipi jamani, Mama Emerance amekaa kwenye benchi nyuma yake na wateja wa fotokopi wamenyoosha shingo utadhani kuna mpira, na Honoré anabonyeza tena, anangoja, amekwisha kuhama kutoka mtandao wa simu yake kwenda wa jirani, ameuzima, ameuwasha, sasa anautikisa ule waya unaounganisha tableti na kompyuta, kazi bure, anajua ni bure, lakini mtu lazima aonekane anafanya kitu, "Honoré, mutoto yangu, rezo imekuja?" "Bado, Mama, iko inakuja," "Haina neno, siye tuko tunangoja," na mama wa watu anamgeukia jirani yake, "Huyu alisoma informatique kule Kisangani, huyu, hakuna mashini inamushinda," na masikio ya Honoré yanapata moto, laiti angenyamaza, maana sifa hizo hizo ndizo zilizomponza asubuhi, alipoiunganisha tableti ya Mama iliyogoma kuwaka, akawa na vitufe viwili mbele yake, kimoja cha kusasisha tu, kingine kimeandikwa Restaurer, cha kufuta yote na kuanza upya, cha kwanza kikagoma, na yeye, badala ya kusema ngoja niangalie, akarukia cha pili, kompyuta ikamuuliza kwa adabu zake, una hakika, kila kitu kitafutwa, akajibu ndiyo, ikaanza kuitafuta mtandaoni faili ya mfumo mpya, na Mama alipouliza, "Na foto zangu?" akasema bila hata kugeuza kichwa, "Nimeshaziweka pembeni zote, Mama."

Hakuweka hata moja, kuziweka kungechukua muda na watu walikuwa wanatazama, basi, ndiyo sababu yote, hakuna nyingine, na yeye alidhani ni picha za harusi na za wajukuu, tena alimtania, kioo kiling'aa mno, akasema, "Mama, weye unapenda hii tableti kuliko bwana yako," duka zima likacheka, na ni baadaye tu, wakati wa kungoja, ndipo Mama akamweleza taratibu, bila kinyongo, kwamba mle ndani mna picha ya kaburi la Aimée, binti yake, msalaba wa mbao na maua ya plastiki, liko kijijini kule mbele ya Bambu, hawajarudi tangu walipokimbia vita, na kila Jumapili akitoka kanisani anaifungua ile picha, anatoa kitambaa chake cha kitenge, anapangusa kioo polepole, "Niko nafagia kwa mutoto," ndivyo alivyosema, niko nafagia kwa mutoto, na Honoré akaitikia ndiyo Mama, akageuka, akabonyeza jaribu tena... aibu gani hii, alisikia hayo yote na bado akabonyeza, kidole chake mwenyewe, afadhali kaburi la mtu lipotee kuliko yeye kuonekana hajui, na sasa anashika panya ya kompyuta, jasho limelowesha kiganja, macho yanamkimbia hadi pembeni chini ya skrini, kwenye saa, na tarehe... tarehe gani hii, mwaka ule yeye alikuwa bado shule ya msingi, ah, betri ndogo ya ndani imekufa, umeme ukikatika kompyuta inasahau siku na kurudi nyuma, ndiyo maana, mtandao haukubali kuongea na mashine inayotaja mwaka uliokwisha pita, ameipata, raha ikampanda hadi kooni, arekebishe tarehe tu na mlango utafunguka, faili itashuka, na Mama atampigia mwanawe Didier kule Ariwara kwa video, amwone uso, watu watasema tuliwaambia, na faili ikishashuka... ikishashuka ndipo tableti itafutwa, si kabla, kabla ya hapo hakijaguswa kitu, kumbe Aimée yumo bado, msalaba umo, maua yamo, asubuhi nzima anapigana na hilo kosa na hilo kosa ndilo limemzuia mkono, na akajua kwamba kama angeiona tarehe mapema kidogo, angeirekebisha, angerekebisha huku akitabasamu.

Maneno mekundu yako pale pale, jaribu tena, na Mama Emerance anakunja kitambaa chake magotini, anakikunjua, anakikunja, "Rezo imekuja, mutoto yangu?" na Honoré anaachia panya, anachomoa waya, anaishika tableti kwa mikono miwili, anageuka hadi uso wake unawatazama watu wote wa benchi, na sauti inatoka kubwa kuliko alivyotaka, "Isikuje kwanza, Mama. Foto sikuziweka pembeni. Nilikudanganya."