Mkono wa Enoch Hedley

Jumanne adhuhuri Dorcas Hedley alikuwa akikata mkate jikoni, katika kijiji kimoja cha wachimba makaa ya mawe huko Durham, mkono wa mumewe ulipotokeza hewani juu ya meza. Uliishia kabla ya kiwiko. Aliujua kwa kovu la kidole gumba. Akautilia kipande cha mkate kiganjani, vidole vikakifumbata, mkono ukaondoka bila kwenda upande wowote.

Jumapili moto ulikuwa umezuka mgodini, Enoch na wenzake wakiwa chini. Mwenye mgodi aliamuru shimo lizibwe kwa matofali ili moto ufe kwa kukosa hewa. Alisema watu wameshakufa.

Dorcas alimwita Mchungaji Thirlwell, ambaye kwa miaka mingi alihubiri kwamba zaidi ya urefu, upana na kimo kuna upande wa nne, makazi ya roho. Mkono ulipotokea tena, alivua kofia, akaushika.

“Bi Dorcas, si ndiyo niliyokuwa nikiwaambia? Roho imepata njia.”

“Baba Mchungaji, mkono una joto.”

“Naam, una joto.”

“Basi hajafa. Waambie wafungue.”

“Moto haujazimika, mama.”

“Amekula mkate wangu. Roho inakula mkate?”

Mchungaji alitazama makombo. “Nitaongea na mwenye mgodi.”

Alirudi Jumatano, akasimama mlangoni. Mwenye mgodi, muumini mzuri, alikuwa amemsikiliza hadi mwisho na kufarijika sana. Kama upo upande usio na kuta, alisema, basi matofali yake hayajamfungia mtu.

Kufikia hapo mikono ilikuwa imetokea nyumba nyingine pia.

“Wako anakula mkate mkavu?” jirani yake, Tamar, aliuliza. “Wangu kaurudisha, anataka jibini. Hata huko ana makuu.” Kisha akakaa chini, akajifunika uso kwa aproni.

Alhamisi Dorcas aliushika mkono kwa mikono miwili, akakanyaga mguu wa meza, akavuta. Enoch naye alimshika kwa nguvu. Hakikutoka hata kiwiko.

Ijumaa mkono haukuchukua mkate. Ulilala wazi mezani, na kufikia jioni ulikuwa wa baridi. Haukuondoka tena.

Majira ya kuchipua mwenye mgodi alichimba shimo jipya, akaajiri watu wengine. Kitabu cha Mchungaji kilisifiwa, na wasomi huja kuutazama mkono, wakifuta viatu kwanza. Jumamosi Dorcas huuosha kwa sabuni. Vumbi la makaa halitoki kwenye mistari ya kiganja. Watoto wa nyumbani wamezoea kuinamisha vichwa wanapoupita.